Kitabu cha Sheria Chenye Kingo Nyeupe

Mthamini alikuwa afike mchana, na Fundi alitaka akikute kitabu kimeshakauka. Tangu asubuhi alikuwa akikigusa mgongoni kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayepima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ananusa gundi. Anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, anakitazama kutoka huko, anakifuata tena. Ngozi ilikuwa nyekundu iliyoiva, ile aliyoificha kabatini miaka nenda miaka rudi akisubiri kazi ya kuistahili. Herufi za dhahabu zilikuwa zimejipanga mgongoni kama askari wa gwaride. Lakini fahari yake hasa ilikuwa kingo. Alizipitisha kwenye mashine ya kukatia pande zote tatu, na sasa zilikuwa nyeupe pee, ukipitisha mkono husikii kitu.

Ungekiona kabla. Kilikuwa kitabu cha sheria ya ushahidi, kimepigwa chapa zamani za wakoloni na kwa lugha yao, kizito kama tofali. Jalada lilikuwa linaning'inia kwa nyuzi mbili, wadudu walikuwa wamekula pembeni, na kurasa zilikuwa rangi ya chai. Juu ya hayo, mtu fulani asiye na adabu, hivyo ndivyo Fundi alivyomwita, alikuwa ameandika pembeni mwa karibu kila ukurasa kwa wino uliochakaa ukawa kama kutu. Vimstari vidogo vimebanana, vinakwenda mpaka ncha ya karatasi. Kitabu kilikuwa cha wakili mmoja mzee wa mtaa ule. Alipokufa, wanawe walikuja kufunga ofisi, wakawaambia majirani wachukue wanachotaka kabla gari la taka halijafika. Wengine walibeba viti. Fundi alibeba kitabu, kwa sababu kilimtia huruma.

Kikakaa juu ya kabati mpaka siku binti yake Fundi, anayeuza katika duka la vifaa vya kuandikia, alipokipiga picha kwa simu, ukurasa mmoja tu, akamtumia mtu mmoja anayenunua na kuthamini vitabu vya kale. Jibu lilikuja kabla chakula hakijaiva. Mtu yule aliomba wasimwuzie mwingine yeyote, atakuja mwenyewe. Hakusema kwa nini. Binti akasema mtu mzima hapandi gari safari yote hiyo kufuata takataka, na kesho yake akaenda hospitali akamwandikishia mama yake siku ya kupasuliwa macho.

Maana hapo ndipo ilipokuwa shughuli yote. Mkewe Fundi alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Fundi alimwita Bibie tangu walipooana, naye alimwita Fundi kama wateja, nusu heshima, nusu utani. Yeye ndiye mshonaji. Kila kitabu kilichotoka nyumba ile, Bibie alikishona kwa uzi wa nta, kisha Fundi akakikata kingo na kukivika jalada. Sasa alishona kwa kupapasa, na sindano alitungiwa na mumewe. Alikuwa hajamwona mjukuu wake usoni. Wanasema ana pua yangu, alikuwa akiwaambia wateja, lakini wanaosema ni watu wa upande wa mume wa binti yangu, lazima nihakikishe mwenyewe.

Kitabu kile alikuwa amekipakata siku moja, akapitisha vidole kwenye ukurasa, polepole. Akasema kuna mtu kaandika sana humu, kalamu yake imeacha mifereji. Fundi akamjibu kwamba ni uchafu wa wanafunzi na kwamba akipewa siku mbili atakifanya kirudi ujana. Bibie akamkataza.

"Ukienda kwa daktari unakipaka kidonda poda kwanza? Muache mgeni akione kilivyo."

Fundi alicheka, akasema sawa. Lakini Bibie alipokwenda kulala kwa binti yake kumwangalia mjukuu, Fundi alifunga mlango wa karakana. Alitaka liwe jambo la kumshangaza. Alikishona mwenyewe, kwa mikono isiyozoea sindano, akijichoma na kujilaani. Kisha akakibana, akashusha kisu, na vipande vyembamba vikaanguka ndani ya gunia lililo chini ya mashine, kama vilivyoanguka vipande vyote vya maisha yake. Bibie aliporudi alikuta harufu ya gundi, na nyumba ile haikuwahi kunuka kitu kingine.

* * *

Mthamini alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati limefungwa kifungo cha juu kabisa. Alisalimia vizuri, akampa Bibie shikamoo kabla hajakaribishwa, akakalia kiti cha kuazima bila kukiangalia. Meza ilikuwa na kitambaa kilichopigwa pasi. Binti aliomba ruhusa kazini akaja na biskuti. Kitabu kilikuwa katikati ya meza, chini ya taulo safi, na Fundi alikuwa amesimama pembeni yake kama baba wa bibi harusi.

Walizungumza habari za safari kidogo. Bibie alikuwa nyuma kwenye kibaraza, anawasha jiko la chai. Mthamini akatoa glavu nyembamba nyeupe, akazivaa kidole kwa kidole, akatoa na kioo cha kukuzia. Fundi alipoziona glavu zile kifua kilimjaa. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kunawa mikono kabla ya kushika kitabu kilichotoka kwake, seuze kuvaa glavu.

Akafunua taulo.

Mthamini alikitazama kitabu, akatabasamu kwa adabu, kisha akatupa macho kwenye rafu, juu ya kabati, chini ya meza.

"Kizuri hiki," akasema. "Na kile cha zamani kiko wapi?"

Fundi akacheka, cheko la furaha lililomtoka tumboni. Mjuzi kama huyu kushindwa kukitambua ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Alimtazama binti yake amwone alivyosifiwa.

"Ndicho hicho, bwana."

Mthamini hakucheka. Alibaki amekodoa macho, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua na anangoja arudiwe. Kisha akanyoosha mkono, akafungua jalada. Ngozi mpya ikalia kidogo. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarukia katikati. Akakiinamia kwa kioo. Fundi alikuwa anamweleza ngozi ilitoka wapi, na kwamba kingo zilikuwa zimeliwa mno, ikabidi akate upana wa kidole ili apate karatasi nzima. Aliendelea kusema mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe peke yake chumbani.

"Nani alikata?" mthamini akauliza.

"Mimi. Kwa mkono wangu."

Mthamini akavua glavu moja. Akaiweka mezani. Akakigeuza kitabu upande wa Fundi na kuweka kidole pembeni mwa ukurasa, pale ambapo vimstari vya kutu vilikuwa vinatoka kwenye chapa kuelekea ukingoni.

"Hebu nisomee hapa, mzee wangu."

Fundi hakuwa na haja ya miwani. Maandishi yalikuwa madogo lakini ya mkono uliotulia. Na kwa mara ya kwanza aliyaona kuwa hayakuwa lugha ya kitabu. Yalikuwa Kiswahili.

"Mtu asihukumiwe kwa," akasoma. Akanyamaza.

"Kwa nini?"

"Pameishia hapo."

"Hapakuishia hapo. Asihukumiwe kwa nini, mzee wangu?"

Mbele ya neno lile palikuwa na ukingo, mweupe, laini, ukipitisha mkono husikii kitu.

* * *

Mthamini alieleza polepole, bila kupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Kitabu chenyewe, alisema, si adimu. Nakala zake zipo nyingi, zinauzwa kwa bei ya kawaida. Alichokifuata ni mwandiko. Yule asiye na adabu alikuwa karani wa mahakama, kijana aliyekuwa akifagia na kubeba mafaili, ambaye baadaye alikuja kuwa hakimu wa kwanza mzalendo katika mahakama ile. Hakusomeshwa na mtu. Alijifunza sheria peke yake kwenye kitabu hiki kimoja, na kila alipoelewa kitu alijieleza pembeni kwa lugha yake. Watu walijua kwamba kitabu hicho kilikuwapo. Walikitafuta miaka mingi. Mthamini mwenyewe alikuwa na barua mbili za hakimu yule, na alipoona picha ya binti alizitambua herufi palepale, akashindwa kulala.

Akaonyesha jinsi kisu kilivyopita. Kurasa za kulia zilikuwa zimepoteza miisho ya mistari. Za kushoto zilikuwa zimepoteza mianzo. Hakuna sentensi moja iliyobaki nzima. Ukurasa wa mwanzo, ule usio na chapa uliokuwa na jina lake na mwaka, ulikuwa haupo.

"Ulikuwa na madoa," Fundi akasema.

Binti alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Ndiye aliyeuliza swali ambalo baba yake hakuwa na ujasiri wa kuuliza: kingekuwa kiasi gani kama kingebaki kilivyokuwa. Mthamini aliangalia kitambaa cha meza. Akasema wangepasuliwa macho mama yake, na majirani zake wote wenye matatizo ya macho, na kingebaki cha kuezekea nyumba upya. Chuo kimoja kilikuwa kinamsubiri ampigie simu.

"Na hukutuambia," binti akasema. "Ungesema neno moja tu. Msiguse. Neno moja."

"Nilisema msimwuzie mwingine."

"Hukusema ni nini."

Mthamini aliinyoosha mezani ile glavu aliyoivua. Kisha akakiri, na uso ulimwiva, kwamba aliogopa. Angesema kilicho ndani, wangekwenda kwa wanunuzi wengine, bei ingepanda, au kingeibwa. Hii ndiyo biashara yao, alisema, mtu hafungui mdomo mpaka kitu kiwe mkononi. Binti akamtazama juu mpaka chini, na kifungo chake cha juu, na glavu yake iliyobaki mkono mmoja.

"Basi mmetukata wawili. Baba kwa kisu, wewe kwa kunyamaza."

Ghafla mthamini aliinua kichwa, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha mlango wazi.

"Vipande," akasema. "Ulivyovikata. Umevitupa?"

"Situpi kitu mimi."

"Viko wapi?" Alikuwa ameshasimama. Akasema wapo watu wanaofanya kazi hiyo, wanaunganisha kipande kwa kipande kwa gundi ya wanga na karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, miezi, hata mwaka, lakini inawezekana. Thamani isingerudi yote, ila nusu ingerudi. Macho yangepasuliwa. Lete vipande, mzee wangu, hata vikiwa vimechanganyika.

Fundi hakutembea, alikimbia. Aliangukia magoti chini ya mashine ya kukatia, mtu mzima na mvi zake, akaingiza mikono yote miwili guniani mpaka mabegani. Lilikuwa jepesi. Akatoa vumbi, na kipande cha kadi ya bluu.

Mlango wa nyuma ukafunguka, na Bibie akaingia na sinia. Alitembea kama alivyozoea, kiwiko kikigusa ukuta, hajamwaga hata tone. Akaiweka mezani akihesabu vikombe kwa kidole. Akamwomba mgeni radhi kwa kumchelewesha. Mkaa ulikuwa na unyevu, alisema, ukakataa kushika, ikabidi autilie karatasi gunia zima.

Ukimya ule aliusikia. Wasioona vizuri husikia vitu hivyo kabla ya wengine. Aligeuza uso kushoto, akageuza kulia.

"Kuna nini?"

Chai ilikuwa inafuka moshi. Mthamini alikitazama kikombe chake, kisha akakisogeza mbali na kitabu, ingawa hakikuwa karibu nacho.

"Bibie," Fundi akasema kutoka sakafuni, "ulikuwa unasikia nini mkononi? Zile karatasi."

"Karatasi. Ndefundefu, kama siku zote. Nilidhani za tasnifu za wale wanafunzi tunaowashonea." Vidole vyake, vilivyokuwa juu ya sinia, vilianza kusuguana, dole gumba na cha shahada, kama vinavyotafuta kitu. "Zilikuwa laini. Kama kitambaa." Halafu vidole vikasimama. "Ulikikata?"

Fundi aliuinamia mdomo wa gunia.

"Nilikwambia usikiguse. Ulikikata, Fundi?"

Binti alishapita mbio kwenda kibarazani. Walimsikia akiliinua jiko, akilipindua, makaa yakimwagika sakafuni. Alirudi na majivu vidoleni na jani moja jeusi kwenye kiganja, limejikunja, na juu yake herufi zimebaki zinang'aa kidogo, rangi ya fedha, kama inavyotokea karatasi ya zamani inapoungua. Mthamini aliinama na kioo chake. Alisoma neno moja, akafungua mdomo kulitamka, na pumzi yake ikalisambaza jani lile likawa unga.

* * *

Kabla ya kuondoka mthamini alipiga picha kurasa zote, nusu sentensi kwa nusu sentensi, na Fundi ndiye aliyemfunulia. Kazi ilichukua muda mrefu. Alikitathmini kitabu, kwa kuwa hicho ndicho alichokuja kufanya. Akasema karibu kwa kunong'ona kwamba kwa hali kilivyo sasa anaweza kukinunua kwa bei ya kitabu kipya cha ukubwa ule. Bei hiyo isingelipa hata miwani. Bibie akamwambia aende nayo salama.

Mlangoni alisimama, akakitazama kwa mara ya mwisho.

"Kazi yenyewe ni safi, mzee wangu," akasema. "Sijaona mkono safi hivi."

Fundi alikuwa amesubiri ujana wake wote mtu kama yule amwambie neno kama lile. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akafunga mlango, akashika kitasa, akabaki ameshika kitasa.

Binti alikwenda nje kupiga simu hospitali. Walimsikia kupitia dirishani akisema ndiyo, ametajwa kwenye orodha, hapana, hatakuja, hapana, hajafariki, mpeni mwingine. Majirani wawili waliokuwa wamekaa barazani wakingoja habari za utajiri waliinuka, mmoja akajifanya anatafuta kuku wake.

Bibie aliomba aletewe kitabu. Akakipakata kama siku ile ya kwanza. Akagusa ngozi, akagusa dhahabu, akakifungua akaingiza vidole ndani kabisa, kwenye mshono.

"Umeshona mwenyewe."

"Ndiyo."

"Umevuta uzi mno. Hapa umekosea, ukarudia." Alipitisha kidole ukingoni, juu hadi chini, akafika mwisho akaanza tena. "Ulitaka kunionyesha nini, Fundi, mimi nisiyeona?"

Alitaka kumwambia kwamba alitaka aguse. Kwamba kingo zile alizinyoosha kwa ajili ya vidole vyake. Badala yake alikaa chini karibu na kiti chake na kuweka paji la uso juu ya meza, na Bibie akamwekea mkono kisogoni, mkono mzito, usiopapasa na usiobembeleza. Ulikaa tu pale.

* * *

Asubuhi alikuja mwanafunzi kufuata tasnifu yake. Alikuwa na haraka, jopo linamsubiri, akasimama mlangoni akichezea simu. Kitabu chake kilikuwa kimeshashonwa, kimebaki kukatwa. Fundi akakiweka chini ya kisu, akakaza kibano, akashika mpini.

Mkono haukushuka. Mwanafunzi aliinua macho, akamwona mzee amesimama na mpini mkononi kama aliyepigwa picha. Akauliza kama mashine ni mbovu. Fundi akamuuliza kama ameandika kitu pembeni. Mwanafunzi akasema imepigwa chapa yote, mzee, nani anaandika kwa mkono siku hizi. Fundi akamuuliza tena. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Bibie aliinuka kwenye kiti chake. Akaja na kiwiko ukutani mpaka kwenye mashine, akasema legeza. Fundi akalegeza kibano. Bibie akaitoa tasnifu ile mwenyewe, akaketi kando ya mashine, akaifungua pajani, akaanza kupitisha vidole pembeni mwa kurasa, moja baada ya nyingine, kulia na kushoto, hakuruka hata moja. Mwanafunzi alianza kusema kitu kuhusu muda, akaangalia nyuso zao, akaacha.

Alipofika mwisho Bibie aliirudisha chini ya kisu.

"Hamna kitu," akasema. "Kata. Jiko halijawashwa."

Fundi akashusha mpini. Vipande vikaanguka. Lakini hakuviacha guniani. Aliinama, akaviokota kimoja kimoja, akavipeleka dirishani penye mwanga, akavisoma mbele na nyuma. Vyote vilikuwa vitupu. Ndipo akaviweka mkononi mwa mkewe.